Mama Futi na Vipimo vya Kapteni

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina la kuzaliwa. Alikuwa Mama Futi, kwa sababu ile futi yake ya kupimia, ya njano, iliyofutika namba za mwanzo, haikutoka shingoni tangu asubuhi mpaka saa ya kulala. Watu wenye midomo walisema siku akivuliwa futi hiyo, kichwa kitaanguka.

Chumba chake cha kushonea kilikuwa na dirisha moja linalotazama barabara, benchi la wateja lenye mguu mmoja wa matofali, na mashine mbili. Ya kwanza cherehani ya kawaida, ya miguu. Ya pili ovaloki, ile inayofunga kingo za nguo zisifumuke. Miaka tisa Mama Futi alifunga kingo kwa sindano ya mkono, hata vidole vikawa kama chujio. Siku ovaloki ilipoingia ndani, aliifunika kwa shuka lake la harusi. Mumewe usiku ule alijifunika koti.

Na alikuwa na sharti lake. Hakukata kitambaa cha mtu bila vipimo vyake. Tena hakupima kama mafundi wengine, wanaopima bega moja na la pili wakalidhania. Yeye alipima yote mawili, bega hadi kiuno, kulia na kushoto.

"Hakuna mtu aliyelingana pande zote," alizoea kusema. "Mungu hakutumia rula."

Daftari lake lilikuwa na vipimo vya watoto wa mtaa mzima. Mtoto akikonda, Mama Futi alijua kabla ya mama yake.

Sasa hili la kuuza mtandaoni halikuwa lake. Lilikuwa la shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu mzima mwenye kipara kinachoanza, aliyekwisha kuwa meneja wa biashara nyingi ambazo bado hazijafunguliwa. Ndiyo maana wakamwita Meneja. Yeye ndiye aliyefungua ukurasa na kuandika juu kabisa: TUNASHONA KWA DUNIA NZIMA. Mpaka siku hiyo mteja wa mbali kuliko wote alikuwa anakaa ng'ambo ya daraja.

Basi asubuhi moja Meneja aliingia bila hodi, simu ameishika kwa mikono miwili kama anabeba mchuzi.

"Shemeji! Kaa chini."

"Nimekaa. Nashona."

"Basi simama!"

Ujumbe ulitoka ng'ambo. Mwandishi alisema yeye ni Kapteni wa meli kubwa, na pia daktari wa watoto, na pia mjane. Alitaka mashati mia mbili kwa watoto wa kituo chake. Mwisho aliandika: bei si tatizo.

Mama Futi alisimamisha gurudumu la cherehani. Miaka ishirini ya kushona hakuwahi kukutana na mtu ambaye bei si tatizo. Hata baba wa watoto wake alipotaka suruali aliomba apunguziwe.

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua. Jirani aliyekuwa hamsalimii sasa alimwita "dada yangu". Meneja alianza kuvaa tai. Alijipa cheo kipya, Mkurugenzi wa Soko la Nje, na kwa kuwa ofisi hakuwa nayo, akawa anaongoza soko hilo akiwa amekaa kwenye lile benchi, upande usio na matofali.

Siku ya tatu Kapteni alileta jambo dogo. Malipo yako tayari, alisema, ila yatapitia kwa wakala wake wa mizigo, na wakala anataka ada yake kwanza. Fundi aitume, atarudishiwa pamoja na malipo yote, na asante juu.

"Ada tunaitoa wapi?" Mama Futi aliuliza.

Meneja aligeuza shingo. Aliitazama ovaloki.

"Usithubutu."

"Shemeji, sikiliza. Fundi mapazia wa mtaa wa pili anaitaka hata leo. Tunauza moja, Kapteni akilipa tunanunua tatu!"

"Na shule zinafunguliwa mwezi ujao. Sare nitafungia kingo na meno?"

"Shemeji, bahati haibishi hodi mara mbili."

"Hata wewe hubishi hodi. Kwani wewe ni bahati?"

Lakini jioni mumewe naye akaguna kwamba pengine, huenda, nani ajuaye. Mama Futi alizungusha futi kidoleni. Kisha akasema:

"Haya. Mashine itoke. Ila sharti la mkasi wangu mnalijua. Kapteni alete vipimo vya watoto. Bila vipimo, haitoki."

Meneja aliandika. Kapteni akajibu upesi: saizi yoyote.

"Mwambie sijawahi kumwona mtoto anayeitwa Yoyote."

Kapteni akajibu: wadogo, wa kati, wakubwa.

"Mwambie hao ni samaki wa sokoni. Nataka shingo, kifua, mkono, urefu, na bega hadi kiuno pande zote mbili. Mtoto mmoja mmoja. Wote mia mbili."

"Shemeji, utamkasirisha!"

"Daktari wa watoto akasirike kwa kupima watoto?"

Kapteni alikuwa keshaona ndoano imeingia mdomoni. Samaki wa hivyo haachwi kwa ajili ya kazi kidogo ya kuandika. Akaomba siku mbili.

Siku ya pili, fundi mapazia alifika na mkokoteni wake na kamba. Akaifunua ovaloki, akaipapasa mgongoni kama ng'ombe wa kununua. Wakati huohuo simu ya Meneja ikalia. Orodha imefika.

"Hiyo hapo!" Meneja alirukaruka. "Vipimo mia mbili! Fundi, beba!"

"Weka chini," alisema Mama Futi. Akachukua simu, akavaa miwani, akasoma kama anavyosoma siku zote, kidole kikifuata mstari.

"Mtoto wa nne, shingo imezidi kifua. Huyu mtoto au mtungi?"

"Atakuwa amekosea kuandika..."

"Wa kumi na moja, mikono inaburuta chini. Wa ishirini mpaka wa thelathini, kila mmoja kamzidi mwenzake inchi moja, kama ngazi. Na wote, shemeji, wote, bega la kulia na la kushoto sawasawa. Watoto mia mbili na hakuna hata mmoja anayebebea mkoba upande mmoja!"

Fundi mapazia alianza kukunja kamba yake, polepole, kama mtu anayejua mambo. Meneja alilegeza tai.

"Ngoja," Mama Futi alisema. Kidole kilikuwa kimesimama. Alirudia mstari ule mara mbili, na sauti ikashuka. "Wa arobaini na moja. Huyu ni mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu mzima. Mwanamume, mwembamba. Bega la kushoto limeshuka inchi moja na nusu. Hapa alichoka kubuni, akajipima mwenyewe."

Akairudishia ovaloki shuka lake, akaingiza ncha zote nne chini. Kisha akamwambia Meneja aandike, neno kwa neno:

"Kapteni, watoto wako mia moja tisini na tisa hawajazaliwa. Wa arobaini na moja yupo. Anakaa kitini kutwa nzima, ameegemea kushoto, na hapati chakula vizuri. Akitaka shati nitamshonea. Nusu ya bei kwanza, kama watu wote."

Simu ilinyamaza siku tatu. Meneja alivua tai, akaanza kusema tangu mwanzo alimshuku yule mtu. Siku ya nne ujumbe ukaja, bila meli, bila udaktari.

"Umejuaje bega?"

Mama Futi alikuwa anafunga kingo za sare ya kwanza ya msimu. Hakusimamisha mashine.

"Mwambie akae wima," alisema.

Baadaye alilifungua daftari, akavinakili vile vipimo vya yule wa arobaini na moja chini ya watoto wa mtaa, maana kipimo cha kweli hakitupwi. Mahali pa jina aliandika Kapteni. Mahali pa malipo aliacha wazi.