Taarifa za Ploti Yetu

Jumanne, tarehe tisa Mei, saa nne asubuhi, mke wangu alifariki katika chumba chetu cha kupanga Kibera, upande wa karibu na Ayany. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka kumi na tisa. Hatukujaliwa mtoto. Mimi ni fundi wa viti, nimesoma hadi darasa la nane kule Kitui. Yeye alitoka upande wa ziwa, alimaliza kidato cha nne, na alijua kuchapa kwa vidole vyote kumi bila kuangalia mashine. Naandika haya kwa sababu nilimficha kitu, na alipokufa sikujua kama amekufa akiwa amedanganywa.

Nitaanza na kazi yake. Kampuni moja ilikuwa ikimtumia picha za karatasi za zamani kwa kompyuta, naye alizisoma na kuzichapa upya, hapo hapo chumbani, kompyuta ikiwa juu ya kigoda nilichomtengenezea. Karatasi nyingi ziliandikwa na maafisa wa Kiingereza waliokaa katika nchi ndogo za masheikh wa Kiarabu wakati wa vita vikuu vya pili. Mapigano yenyewe yalikuwa mbali. Kazi ya afisa ilikuwa kukaa, kusikiliza, na kila baada ya wiki mbili kumwandikia mkubwa wake. Sheikh amekwenda kuwinda na mwewe wake. Mchele umechelewa na watu wananung'unika. Ndugu wawili wa sheikh hawasalimiani. Nzige wameonekana upande wa kusini. Mwenye duka fulani hufungua redio ya Wajerumani jioni, na watu hujaa mlangoni kwake.

Mke wangu alimwita afisa huyo DC wetu, kama wale wakuu wa wilaya wa mkoloni. Nilimwambia babu yangu naye alikuwa akisimulia juu ya DC wa namna hiyo, miaka hiyo hiyo ya vita, aliyejua nani ameuza ng'ombe na nani amehamia kwa shemeji yake.

Karakana yangu iko Kawangware, sehemu ya Gatina. Nikirudi jioni, kabla sijamaliza kukung'uta vumbi la mbao, angeniambia habari za DC. Alinieleza pia sheria ya kazi yake. Chapa unachokiona. Afisa akikosea jina la mtu, liache lilivyokosewa. Neno lisiposomeka weka alama, usibuni.

"Leo yule wa redio ameitwa," aliniambia siku moja.

"Ameitwa na nani?"

"Na sheikh. DC alimwambia sheikh, sheikh akamwita, jamaa akasema redio imeharibika."

"Na imeharibika?"

"DC ameandika hivi: redio inasemekana imeharibika. Halafu mstari wa chini ameandika watu bado wanajaa mlangoni."

Nilicheka. Nikamuuliza kama wale watu walijua kwamba wanaandikwa.

"Wewe fundi. Mtu mzima anaangaliwa kila siku asijue? Walijua. Walikuwa wanampa kahawa na wanamchagulia habari za kuandika."

Mwaka jana, mvua ilipokuwa nyingi na hakuna pa kwenda, alichukua daftari la kurasa mia moja na kuanza kuandika kama DC, lakini juu ya ploti yetu. Vyumba ni tisa, bomba moja, vyoo viwili. Alinisomea kila Jumapili. Nanakili hapa kama alivyoandika.

"Mtawala. Mwenye nyumba alitembelea eneo Jumamosi akiwa na kofia mpya. Alitazama paa linalovuja. Alisema ataangalia. Hii ni mara ya nne kutazama."

"Maji. Yalikuja Jumatano alfajiri, yakaisha kabla ya wengi kuamka. Mama wa chumba cha tatu alikuwa na jerikeni sita tayari mlangoni. Anafikiriwa kuwa na chanzo chake cha habari."

"Wageni. Dada wa afisa alifika kutoka Gatina na dagaa wa omena. Alikaa saa mbili. Mazungumzo hayakusikika yote kwa sababu afisa mwenyewe alikuwa akiongea."

Majirani walikuja kujua. Kwenye foleni ya bomba, mama wa chumba cha tatu, ambaye huuza mandazi, alimwuliza mbele ya watu, "Na mimi umeniandika aje?"

"Nimeandika unaelekea kuwa upande wetu."

"Upande gani, na sisi sote tunachota bomba moja?"

"Hiyo pia nitaandika."

"Andika na hii. Andika huyu DC anafua bila kusuza."

Watu walicheka mpaka foleni ikavurugika.

Mwezi wa Januari tulikwenda hospitali kwa sababu ya maumivu ya tumbo yaliyokuwa hayaishi. Walimpima mara mbili. Siku ya majibu alikuwa amelazwa kwenye kitanda cha kupumzikia, ametiwa maji ya dripu, na daktari akaniita mimi nje, kwenye ukumbi. Aliniambia ni ini, na kwamba uvimbe umefika mahali ambapo wao hawawezi kuutoa. Kwetu mgonjwa haambiwi mambo kama hayo, huambiwa aliyemleta. Nimekua nikiona hivyo. Lakini sitaki kusingizia desturi. Nilinyamaza kwa sababu niliuogopa uso wake. Niliporudi ndani aliniuliza wamesema nini, nikamwambia ni vidonda vya tumbo, kuna dawa, vitachukua muda.

Alisema, "Sawa."

Tangu wiki ile hakunisomea tena taarifa. Nilidhani amechoka, au mchezo umemwisha hamu. Aliendelea kuchapa kazi ya kampuni hadi Machi, kisha kidogo kidogo, kisha akaacha. Mimi nilijifunza kupika uji wa wimbi usioshika chini. Nilikuwa nikimwambia amepata rangi. Aprili nilimwambia tukienda kwao Desemba nitamshonea mama yake kiti cha kuegemea. Alinijibu, "Mshonee chenye mikono mipana, anapenda kuweka kikombe." Tulizungumza juu ya kiti hicho karibu wiki nzima, kitambaa chake na rangi yake, na mimi nilijua, na kila nilipotoka nje nilikuwa na aibu.

Alipofariki, majirani walikuja jioni zote kuomba na kuimba. Mama wa mandazi alikaanga kwa ajili ya watu wote na hakutaka kusaidiwa. Ijumaa mchana nilikwenda Gatina kwa dada yake, yeye ndiye aliyepewa kuandika historia ya marehemu, ile inayosomwa wakati wa mazishi. Alikuwa na kalamu na karatasi mezani. Tuliandika alikozaliwa, shule, kanisa. Tukafika kwenye ugonjwa.

"Ulijulikana lini, shem?"

"Januari."

"Tuandike aje? Alipatikana na ugonjwa Januari, akaukabili kwa ujasiri? Ndivyo watu huandika."

Mtu hawezi kukabili kitu ambacho hakuambiwa. Kama ningekubali sentensi ile isomwe, ningekuwa nimesimama kando ya kaburi lake nikisikiliza uongo wangu ukisomwa kwa kipaza sauti. Na kama ningesema ukweli, dada yake angejua kwamba nilimwacha mtu wao aende bila kuagana. Nilimwambia kichwa kinaniuma, tumalizie kesho.

Jumamosi asubuhi nilihitaji kitambulisho chake kwa ajili ya kibali cha mazishi. Nilikitafuta kwenye begi la kompyuta. Kilikuwa kwenye mfuko wa nyuma, na pamoja nacho lilikuwamo lile daftari. Nilidhani liliishia Januari. Lilikuwa limejaa hadi karibu mwisho.

Niliketi kitandani nikasoma. Sisomi haraka. Mambo ya majirani yalikuwa yameendelea, maji, mwenye nyumba, paa. Lakini kuanzia wiki ile ya hospitali kulikuwa na kichwa kipya, Fundi.

"Fundi. Alirudi nyumbani kutoka hospitali akitembea nyuma yangu. Kwa kawaida hutembea mbele. Anasema ni vidonda. Alinunua samaki ngege mzima ilhali ilikuwa Jumatatu. Inaaminika ana habari ambayo hajaitoa. Afisa hatamshurutisha."

Wiki iliyofuata: "Fundi. Bado. Amekonda kuliko mgonjwa."

Wiki nyingine: "Fundi. Alisikika akilia bafuni. Alitoka akasema sabuni imemwingia machoni. Sabuni iliisha Jumapili."

Mwisho wa Februari, siku ambayo nakumbuka nilimwacha kwenye benchi la hospitali nikaenda dirisha la dawa, aliandika: "Afisa amemwuliza nesi na amepata habari kamili. Ni ini. Imeamuliwa kutomwambia fundi kwamba inajulikana. Anajitahidi sana."

Baada ya hapo maandishi yanakuwa makubwa na yanapanda nje ya mstari. Yapo maneno ambayo sikuweza kuyasoma, na sitabuni. Mstari wa mwisho ninaoweza kuusoma unasema, "Fundi. Leo ni kiti cha mama. Tumekubaliana kitambaa cha kijani."

Nililia, lakini sitasema ilikuwa faraja tupu. Niliona uchungu pia, na hata hasira. Zaidi ya miezi miwili tulilala kitanda kimoja, sote wawili tunajua, kila mmoja akimlinda mwenzake. Ningependa tulie pamoja hata siku moja. Kuna mambo ningemwuliza. Ningemwuliza kama anaogopa. Ningemwomba msamaha kwa mwaka ule nilipokuwa nikilewa. Mambo hayo hayakupata nafasi, na aliyeyazuia ni mimi.

Mchana nilibeba daftari nikaenda Gatina. Dada yake alikuwa akichambua mboga mlangoni. Nilimwambia nikiwa wima, kabla sijakaa.

"Shem, daktari aliniambia Januari kwamba hataishi. Sikumwambia. Nilimdanganya ni vidonda."

Hakuinua kichwa. Aliendelea kukata mboga.

"Najua," alisema.

"Unajua vipi?"

"Aliniambia. Mwezi wa tatu, nilipomletea omena. Akaniapisha nisikuambie."

"Kwa nini?"

"Alisema ukijua kwamba anajua, utaacha kazi ukae nyumbani umwangalie siku nzima. Na yeye hakutaka kuangaliwa." Aliweka kisu chini. "Akasema pia unadanganya vibaya sana. Eti akikuuliza habari ya dawa, unatazama dari."

Nilimpa daftari. Alisoma kurasa za Fundi polepole, kidole chake kikifuata mstari. Kwenye ile ya sabuni alicheka, akajifunika mdomo, halafu mabega yakaanza kumtetemeka, nikaona kwamba hacheki tena. Nilichukua sinia la mboga nikaendelea kuchambua ili asione kwamba namtazama. Tulikaa hivyo mpaka mboga zikaisha.

Alinawa uso, akaleta ile karatasi ya jana.

"Huyo DC wenu," alisema, "watu aliokuwa anawaandika huko Uarabuni waliwahi kusoma alichoandika?"

Nilimwambia sijui, ila nadhani hawakuwahi, karatasi zilipelekwa kwa mkubwa wake zikafungiwa.

"Basi wewe umebahatika, umesoma yako." Alishika kalamu. "Hapa kwa ugonjwa, nieleze mwenyewe."

Nikamwambia asiandike ujasiri. Aandike kwamba ugonjwa ulijulikana Januari, kwamba mume aliambiwa na hakumwambia, kwamba yeye alijua mwezi uliofuata na hakusema, na kwamba walitunzana hadi mwisho.

"Mchungaji atashangaa."

"Ashangae."

"Na mama?"

Mama yao ni mzee. Nilimwuliza yeye anaonaje.

"Mama atasema huyo ndiye mtoto wake hasa. Tangu utotoni alikuwa anaficha kitu mpaka apate mwenyewe jinsi ya kukisema."

Akaandika. Alinisomea sentensi yote, akaniuliza kama ndivyo ilivyokuwa. Nikasema ndivyo. Alishuka mstari wa chini, akaniuliza tulioana mwezi gani, maana yeye wakati huo alikuwa bado nyumbani ziwani na hakufika harusini. Nikamwambia Agosti. Akaandika Agosti.