Révérien Anaposa Tangi

Nani alikudanganya kwamba shule ya biashara ni ya watoto wa matajiri? Njoo Bujumbura jioni, watu wakitoka kazini, uchungulie darasa letu la uzamili. Utamkuta karani wa wizara ameketi dawati moja na muuza vitenge wa Uvira, wanabishana juu ya bei hadi mhadhiri anageuka kuwa refa. Umeme ukikatika, tochi za simu zinawashwa na somo linaendelea. Wanaosema nchi hii haina vijana wa kuijenga hawajawahi kupanda ngazi zetu saa hizo.

Na wangepanda, ningewaonyesha Révérien. Ni mwalimu wa shule ya msingi, mpole, anaishi Gasenyi, kule mji unakoishia. Yeye na majirani zake wana ushirika unaopokea maziwa ya wafugaji wa milimani. Alfajiri baiskeli zinateremka na bidoni, madumu ya maziwa, zimefungwa nyuma, na maziwa yanauzwa katika banda lililo uani kwake. Adui yao ni joto. Ikifika adhuhuri, yasiyouzwa yameharibika, na friji ya nyumbani ni kabati tu siku umeme haupo. Wafugaji walichoka, wakamwambia waziwazi: mkishindwa kuyahifadhi, tutayapeleka kwingine. Bila maziwa yao, ushirika mzima ungekufa.

Ndipo shule ikatangaza shindano. Mwanafunzi mmoja angeingizwa katika kituo cha kulea biashara changa, apewe mshauri, na achague chombo kimoja cha kazi. Vyombo vilikuwa vimeshapangwa uani pa shule: tanuri la mkate, vyerehani, na tangi la kupoozea maziwa linalotumia sola. Kila jioni kabla ya darasa Révérien alilipitia tangi lile na kuliwekea kiganja.

"Mwalimu, unalisalimia?" alimtania Musafiri, yule muuza vitenge.

"Nalizoesha."

Kila mshindani alipewa dakika tano za kusema mbele ya majaji hadi kengele ilie, kisha maswali. Révérien alikuwa na hofu. Musafiri akacheka.

"We si ndiye unasemeaka vijana siku ya dote, Gasenyi nzima? Mi nilikuonaka! Ule chauffeur wa basi, hata mama yake alikuwa amemukatia tamaa, we ukamupatia bibi. Sasa majaji ni nini? Sema vilevile tu, mon vieux."

Darasa zima tukapiga makofi. Hakuna aliyefikiri zaidi.

Kama hujahudhuria dote kwetu, sherehe ya kutoa mahari, elewa jambo moja: msemaji wa upande wa kijana haombi binti. Ole wake akithubutu kumtaja mapema! Anasalimia, anaisifu nyumba, anauliza habari za mvua, anasimulia ng'ombe aliyepotea. Upande wa pili unajifanya hauelewi. Vinywaji vinazunguka, watu wanacheka, na neno lenyewe linatoka likiwa limeiva. Ni ustaarabu wetu na ninaupenda. Lakini kwenye dote hakuna kengele.

Alhamisi jioni Révérien alisimama ukumbini amevaa koti la kijivu.

"Amahoro!"

"Amahoro!" tukaitika.

"Wazazi wetu, tulikuwa njiani tukaona nyumba inatoa moshi. Tukasema, hapa wanapika, na wanaopika hawafukuzi wageni." Ukumbi ukacheka. "Tunamtafuta ndama wetu. Nyayo zake zimetufikisha mlangoni penu."

Alikuwa mzuri ajabu. Aliwashukuru babu za majaji. Aliuliza mvua inanyeshaje Kibenga, mtaani kwa mmoja wao. Aliyasifu malisho ya watu asiowajua. Hatimaye akakohoa, akanyoosha koti, akashusha sauti ili aingie kwenye shauri lenyewe, na kengele ikalia.

"Muda umekwisha," alisema Dieudonné, mkuu wa shule.

Hakuwa ametaja maziwa. Hakuwa ametaja tangi. Hata neno biashara halikuwa limetoka.

"Mkuu, ndiyo kwanza nilikuwa nafika."

"Pole, Révérien. Aliyekutangulia naye nilimkatiza."

Na kweli alimkatiza. Musafiri alifunika uso kwa mikono. "Yesu wangu, nimeua mutu," alinong'ona.

Miongoni mwa majaji alikuwepo Mama Adélaïde, mwenye duka kubwa la mikate Kibenga. Alijitengeneza begani mvutano wake, lile vazi la kujitanda, polepole.

"Mkuu, muda wa kusema umekwisha. Wa maswali je?"

"Huo upo, Mama."

"Basi nauliza." Akamgeukia Révérien kwa sauti kavu ya shangazi wa bibi harusi. "Bwana msemaji, hotuba tumeisikia. Ndama hapa hatumwoni, tuna mabinti tu. Unamtaka yupi? Mtaje jina!"

Révérien aliinua uso. "Anaitwa tangi la kupoozea maziwa, Mama. Yuko hapo uani, kando ya tanuri."

Ukumbi ulilipuka. Mama Adélaïde hakucheka hata kidogo.

"Kwenu atakula nini?"

"Jua, Mama. Gasenyi hatujawahi kulikosa."

"Mtamtumikisha kazi gani?"

"Maziwa ya asubuhi yatauzwa mpaka jioni. Mtoto akitoka shule atapata kikombe. Na mfugaji hatapanda tena mlima na bidoni ya maziwa yaliyoharibika."

"Akiugua?"

"Daktari wake nimekuja naye. Shaabani, simama! Ni fundi wa friji wa Cibitoke."

Mtu mrefu akasimama nyuma, akapunga mkono kwa aibu. Mkuu mwenyewe akashindwa kujizuia.

"Na akija mposaji mwingine, tajiri, mwenye tangi kubwa kuliko hili?"

"Mkuu, huyo atauza maziwa ya pakiti. Sisi ng'ombe wetu tunawajua kwa majina."

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Hiyo ndiyo shule ninayoitaka kwa nchi yangu, ambapo mtu akiingia kusoma haambiwi aache ulimi wake mlangoni!

"Jibu ni kesho," alisema Dieudonné, akifuta machozi ya kicheko. "Familia lazima ikae kikao."

Kesho yake asubuhi mimi na Musafiri tulipanda Gasenyi. Baiskeli zilikuwa zimefika, akina mama wamepanga foleni na sufuria zao, Révérien anapima maziwa. Mara camionnette, pikapu ya shule, ikaonekana inapanda barabara ya vumbi, Dieudonné ameketi mbele, na nyuma, limefungwa kamba kila upande, lile tangi. Foleni ilivunjika, watu wakakimbia kulipokea. Wanaume walilibeba hadi bandani, na mlangoni likakwama. Walilijaribu kwa upana, wakalijaribu kwa ubavu.

"Hukupima?" aliuliza Dieudonné.

"Tangi nililipima, Mkuu. Mlango sikuupima."

Joëlla, mke wa Révérien, aliweka chini jagi lake, akaingia ndani, akatoka na nyundo.

"Sogeeni, nyinyi wasomi," alisema, akapiga ukuta pembeni mwa mlango.

Tofali la kwanza likaanguka, likafuatwa na la pili. Akina mama wakapiga vigelegele, Musafiri akavua shati akaanza kubeba matofali, na vumbi halijatulia wafugaji walikuwa tayari wanapitisha bidoni za maziwa kwenye tundu la ukuta.