Mguu wa Mjomba Soudi na Chumvi ya Mama Odile

Mguu wa kushoto wa Mjomba Soudi ulikufa mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa 1999, wakati wa vita, juu ya bomu la kutegwa kwenye barabara ya Lubutu.

Mara mbili zilizofuata niliuua mimi, nikiwa na diploma.

Natengeneza miguu ya bandia hapa Kindu. Kati ya kigutu na mguu wa bandia unakaa mto wa sponji ya silikoni. Silikoni tupu ni laini, haichubui ngozi, lakini inachanika kama mkate. Ili iwe na nguvu unaichanganya na silika, unga mweupe unaoletwa na ndege.

Unga ulikwisha. Ndege haikuja.

Ila makapi ya mpunga yamejaa silika, na Kindu haijawahi kukosa makapi ya mpunga.

Niliyachoma hadi yakawa majivu meupe, nikachekecha, nikachanganya gramu ishirini kwa gramu mia za silikoni. Kitabu kilisema majivu yaoshwe kwanza kwa asidi. Asidi sikuwa nayo. Hatua hiyo nikairuka.

Mto wa kwanza ulichanika mbele ya msikiti. Mjomba akaenda chini, na kanzu yake nyeupe.

"Enjinieri," aliniambia akiwa bado kwenye vumbi, "lile bomu angalau lilijua kazi yake."

Mto wa pili ulidumu siku mbili.

Zilibaki siku tisa kabla ya arusi ya binti yake, Aïcha. Mjomba alikuwa ameapa kutembea mwenyewe kutoka nyumbani, mtaa wa Mikelenge, hadi msikitini, kumwoza.

"Wakinibeba kama gunia ya muchele," alisema, "arusi haiko."

Aïcha alinitazama mimi. Afadhali angenitukana.

Kesho yake mke wa Mjomba, Mama Odile, aliingia kwenye karakana yangu. Akachovya kidole katika kopo la majivu, akalamba.

"Mama, hiyo ni kemikali."

"Hii njo majivu. Na iko chumvi ndani. Haukuosha."

Nilipima. Maji ya majivu yale yaligeuza karatasi yangu nyekundu ya kupimia asidi na magadi kuwa buluu. Chumvi ile ilikuwa magadi, nayo ilikuwa inaila silikoni kutoka ndani. Yeye alitumia ulimi, na alikuwa sahihi.

Wakati wa vita chumvi ilipotea mjini. Mama Odile alijaza majivu ya makapi katika chungu chenye matundu, akamwagia maji, akakinga matone, akayachemsha hadi chumvi ikabaki. Anafanya hivyo mpaka leo. Anasema sombe, yaani kisamvu, bila chumvi ile ni majani ya mbuzi.

"Na majivu yanayobaki?" nilimuuliza.

"Takataka. Nasugulia sufuria."

Nilibeba ndoo mbili za takataka.

Nilizikausha, nikachekecha, nikachanganya upya kwa vipimo vilevile. Kipande cha sponji ya zamani kilikatika kwa kilo nne. Kipya nilikitundikia kilo kumi na moja. Iliyokatika ni kamba.

Siku ya arusi Mjomba alitembea kilomita mbili, polepole, huku akisalimia hata watu asiowapenda. Alimwoza Aïcha. Kisha akarudi kwa miguu, kwa majivuno tu.

Tulipoketi kula aliniuliza, "Safari hii ulitia nini?"

"Majivu ya Mama Odile. Yale yaliyobaki akishatoa chumvi."

Mama Odile aliweka sahani chini. "Baba Aïcha, mwambie mutoto. Mwaka ule wa bomu ulikuwa unaenda Lubutu kufanya nini?"

Mjomba alitafuna muda mrefu kuliko wali ulivyohitaji.

"Kutafuta chumvi ya dukani," alisema. "Nilimwambia yake haiko chakula ya muntu."

"Basi," alisema mkewe. "Ulikataa kuila. Sasa kanyaga majivu yake."

Mjomba akasogeza sahani, akaomba aongezewe sombe.

Somo ni fupi. Hatua unayoiruka kitabuni, huenda kuna mtu anaifanya jikoni kila wiki. Muulize kabla hujamwangusha mjomba wako mbele ya msikiti.