Kisamvu Bila Chumvi

Kwa Bi Mauwa wa Chanika, jirani akikuletea chakula bila sababu, basi ipo sababu.

Ujanani, kabla hajaanza kuuza mihogo ya kukaanga mbele ya nyumba yake isiyopigwa plasta, alifanya kazi za ndani Kinondoni. Bosi wake hakuwa na matusi. Ila kila jioni alikusanya mabaki ya sahani zote, wali uliochokonolewa na mifupa iliyokwisha tafunwa, akasema kwa sauti tamu, "Mauwa mwanangu, kula ushibe." Akala hivyo miaka. Alipoondoka aliapa kutogusa tena makombo ya mtu, hata yawe ya harusi.

Sasa ng'ambo ya njia ukasimama ukuta mrefu wenye geti jeusi, akahamia Mama Brightson, mhasibu kutoka Bukoba. Jumapili ya kwanza tu, ametoka kanisani, huyo na bakuli mkononi.

"Shikamoo, Bi Mauwa. Karibu pilau."

"Marahaba."

Mwenye geti anabeba bakuli mwenyewe? Na shikamoo juu? Bi Mauwa akaingia ndani, akainusa pilau, akaigeuzageuza kwa kijiko akitafuta alama za meno. Hakuziona. Ndiyo kwanza akazidi kushuku: hawa wamechambua vizuri! Akawamwagia kuku.

Lakini kwao Masasi bakuli la mtu halirudishwi tupu, akalijaza kisamvu cha nazi. Ikawa ndiyo desturi: Jumapili pilau, Jumatatu kisamvu. Kuku wakanenepa mpaka wakawa wanatembea kwa maringo.

Kilichomkera Bi Mauwa ni kimoja tu: yule mama anamwona jirani, au anamwona jalala? Akaamua kumtega, ajue kama kisamvu chake huliwa kweli. Jumatatu moja akapika kisamvu bila chumvi hata chembe, akapeleka.

Jumapili Mama Brightson akaja na pilau yake, kicheko tele. "Kile kisamvu chako! Baba Brightson kalamba mpaka vidole."

"Chumvi je?"

"Imekolea vilevile."

"Sikutia."

Kicheko kikakatika. Mara jogoo akatoka mbio uvunguni mwa benchi, akarukia bakuli kama mtu anayedai haki yake. Mama Brightson akamtazama jogoo, akamtazama Bi Mauwa.

"Kumbe pilau yangu…"

"Kuku. Na kisamvu changu?"

"Mbwa," akajibu taratibu. "Nisamehe, niliogopa tumbo. Haya maji yenu ya kisima…"

"Kisima hikihiki? Bomba lako likikauka si unatumaga ndoo hapahapa?"

"Na wewe je? Pilau ilikukosea nini?"

"Nilijua makombo."

"Makombo! Mie naamka alfajiri kukaanga vitunguu, nikuletee wewe makombo?" Machozi yakamlengalenga.

Bi Mauwa akamfukuza jogoo. Akatandika mkeka, akaleta vijiko viwili. Mama Brightson akakusanya gauni lake la kanisani, akaketi.

"Haya, anza."

"Anza wewe, mwenyeji."

Bi Mauwa akachota, akafumba macho, akatafuna. Akameza.

"Chumvi imepungua."

Mama Brightson akaonja. "Kweli, imepungua."

"Ngoja nikuletee."

Akainuka kuifuata ndani. Ila alipofika mlangoni, aligeuka chapuchapu kuchungulia kama bakuli halijasogezwa kwa jogoo.