Saa Tano Ndani ya Gari la Marehemu

Saa tano nzima nilifungiwa ndani ya gari, bandani kwangu, mchana kweupe.

Hakunifungia mwizi. Hakunifungia jini. Nilijifungia mwenyewe, mtu mzima wa miaka sitini na moja, nina stashahada ya maabara na akili zangu timamu.

Gari lenyewe ni la marehemu mume wangu. La zamani, la milango miwili, aina ambayo hata vioo vyake havipatikani tena. Limekaa bandani tangu tumzike, mwaka wa tatu huu.

Kila Alhamisi naingia kulifuta vumbi. Hiyo ndiyo habari ninayowapa watu. Ukweli ni kwamba vumbi huchukua dakika kumi, halafu nahamia kiti cha abiria nakaa tu. Nyumba ikizidi ukimya, hata friji inaanza kukusemesha.

Alhamisi hiyo nikavuta kishikio cha mlango wa dereva nitoke. Kikaja chepesi, hakivuti kitu. Nikavuta tena. Wapi.

Mlango wa abiria nilijua haufunguki kwa ndani, miaka na miaka. Vipini vya kuzungushia vioo vilishang'oka. Kioo kimoja tu kilikuwa wazi, upana wa vidole viwili. Simu iko jikoni.

Saa ya kwanza niliona haya kupiga kelele. Saa ya pili haya zikaisha, nikapiga, redio ya jirani ikanishinda. Kuvunja kioo nilikataa. Mume wangu angefufuka aje anigombeze.

Nikawa nasikia watu wakipita nje ya ukuta, wanacheka, wanabishana. Nikaanza kujiuliza: leo nani atagundua kwamba sijaonekana?

Nikatafuta mtu mmoja tu kichwani. Sikumpata.

Hilo liliniuma kuliko njaa.

Aliyenitoa ni msoma mita ya maji. Aliingia kutafuta mita, akaniona nimebandika uso kwenye kioo. Akafungua mlango kwa nje, kwa kidole kimoja.

"Mama, mbona haujafungwa?"

"Kwa huko uliko, haujafungwa," nikamjibu. "Soma mita yako."

Alisoma. Halafu akamsimulia jirani, na jirani yangu mdomo wake hauna breki. Kabla sijamaliza kunywa maji, mwanangu akapiga simu. Ninaye huyo huyo mmoja, anaishi mji mwingine, mwendo wa saa nne.

"Mama, imetosha. Jumapili nakuja kukuchukua. Utakaa kwangu."

"Nimekuwa kifurushi cha kuchukuliwa?"

"Ungefia humo, Mama. Tungejua lini?"

Swali lilikuwa sahihi, ndiyo maana nilikasirika.

"Kilichoharibika ni mlango. Nitautengeneza."

"Wewe?"

"Mimi. Uje Jumapili. Ukikuta milango yote miwili inafunguka kwa ndani, nabaki kwangu na habari hii hatuizungumzi tena. Isipofunguka, nafunga mizigo."

Nikakata kabla hajajibu. Mtaani wananiita Mama Chapchap. Jina hilo sikupewa bure.

Ijumaa asubuhi nilibandua mbao za ndani za milango, nikafungua skrubu za makomeo yote mawili, nikayatia kwenye beseni, nikampelekea Fundi Taratibu. Huyu ni mzee wa vitasa na makufuli. Ukimpa kufuli asubuhi, anaanza kwa kulitazama mpaka ukome.

Akanusa komeo la dereva.

"Hili umelimwagia mafuta mangapi?"

"Mengi."

"Ndiyo kosa. Mafuta juu ya grisi kavu ni sawa na kujipaka poda bila kuoga."

Akayaloweka yote mawili kwenye mafuta ya taa, akayasugua kwa mswaki mkuukuu. Grisi ya zamani ikatoka mapande mapande kama nta. Hapo ndipo akanionyesha ugonjwa: kwenye komeo la dereva kuna tundu linaloshika fito ya chuma inayotoka kwenye kishikio. Tundu lilikuwa limelika, limekuwa refu kama jicho. Fito inacheza humo, haivuti chochote.

Akaliziba kwa kulichomelea, akalitoboa upya. Nikataka kulimwagia maji lipoe haraka. Akanitazama tu. Nikarudisha kopo chini.

Kisha akachukua komeo la abiria. Akausukuma ulimi kwa bisibisi, ukajifunga. Akagusa kile kimkono chake kidogo, ukafyatuka.

"Hili umelileta la nini?"

"Halifunguki kwa ndani. Limechakaa."

"Hili ni zima kuliko mimi na wewe. Kaangalie ndani ya mlango. Na ukishayarudisha, yajaribu kwa bisibisi mlango ukiwa wazi. Usijifungie tena, mama, mita ya maji inasomwa mara moja kwa mwezi."

Kumbe habari ilishafika hadi kwake.

Jumamosi nikamulika tochi ndani ya mlango wa abiria.

Fito ilikuwepo. Haikukatika, haikushika kutu. Ilikuwa imechomolewa kwenye kishikio, ikalazwa pembeni, ikafungwa kwa waya wa shaba. Mizunguko mitatu, ncha imekunjwa kwa ndani isimchome mtu.

Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akikunja waya hivyo. Niliishi naye miaka thelathini na miwili.

Nikakaa chini sakafuni.

Mlango haukuharibika. Aliuharibu yeye.

Mimi nilikuwa mtu wa kushuka gari halijasimama vizuri. Nina nguo za kuanika, nina mtoto wa kuogesha, nina ripoti za maabara. Yeye alikuwa mtu wa kuongea polepole, na nilikuwa na tabia ya kummalizia sentensi. Halafu mwaka fulani mlango wangu ukaacha kufunguka, ikabidi nimngoje azunguke aje anifungulie.

Wanawake wenzangu walinionea kijicho. "Mwenzetu anafunguliwa mlango kama malkia." Mimi niliona usumbufu mtupu. "Tengeneza hilo komeo," nilimwambia. "Nitatengeneza," akajibu. Alijibu hivyo miaka kumi na tisa.

Na kila tulipofika nyumbani, alizima injini akabaki ameshika usukani. Hapo ndipo alipotoa yake ya moyoni. Kwamba kazini wamempita cheo tena. Kwamba anamkumbuka mama yake. Dakika mbili, tatu. Nami nagongagonga dashibodi: "Haya, nifungulie, nina kazi."

Nilidhani upweke uliingia kwangu baada ya mazishi. Kumbe ulikuwa umekaa kiti cha dereva miaka yote hiyo, na mimi niko pembeni yake nimeshika mkoba.

Nililia kidogo. Kisha nikakata waya, nikarudisha fito mahali pake, nikayafunga makomeo, nikayajaribu kwa bisibisi mlango ukiwa wazi, mara kumi kila moja. Jumapili ilikuwa kesho.

Mwanangu alifika saa nne asubuhi. Hakutaka hata chai. Akaingia kiti cha dereva, mimi cha abiria, tukafunga milango.

Akavuta kishikio chake. Tak. Nikavuta changu. Tak.

"Umeshinda, Mama," akasema. "Basi nitarudi leo leo."

Mguu wangu mmoja ulishatoka nje. Nilikuwa na maharage motoni, kweli kabisa.

Nikamtazama. Kola ya shati ilikuwa imempwaya shingoni.

Nikaurudisha mguu ndani. Nikafunga mlango.

"Mbona umekonda hivi, baba?"

"Kazi tu."

Nikanyamaza. Kwangu kunyamaza ni kazi nzito kuliko kubandua mlango.

Akashika usukani kwa mikono miwili. Mkewe aliondoka na mtoto, mwezi wa tano huu. Akitoka kazini anawasha taa za vyumba vyote, ili nyumba ionekane ina watu. Mara tatu alinipigia simu aniambie. Mara tatu nilimwambia, "Fupisha, nina kazi."

Nimestaafu. Sina kazi yoyote.

"Nilijua nikisema nakuhitaji, utaniambia nijikaze," akasema. "Nikaona bora niseme wewe ndiye wa kutunzwa."

Harufu ya maharage yanayoungua ikatufikia bandani. Akageuza kichwa. "Mama, jikoni."

"Yaache. Endelea."

Akaendelea mpaka saa saba.

Jioni ile nilifunga mizigo. Milango inafunguka, mwenye shaka aje ajaribu. Nimekuja kukaa naye mpaka atakaponichoka, na hapa naandika yeye yuko kazini. Leo nimemwachia taa ya sebuleni peke yake.

Ndugu zangu, mtu wako akikwambia "njoo nikutunze," usimkatie simu. Mwache aongee. Huenda hajafika kwenye neno lenyewe.