Kilomita Tatu Mpaka Lami

Mwaka 2005 vijana wa kanisa walikuja kwangu, wamevaa fulana za michezo, wakaniomba nisimame Jumapili mbele ya wazee wenzangu niwaeleze siri ya miguu yangu. Nilikuwa na miaka sitini na saba, na kila asubuhi nilikuwa bado naendesha baiskeli kutoka Kitengela mpaka karibu na Isinya na kurudi. Niliwafukuza. Haki ya Mungu, niliwafukuza kama mbuzi walioingia shambani, na mke wangu akasimama mlangoni akiniangalia. Wao walidhani ni ukali wa uzee. Mke wangu alijua ni nini.

Acha niseme sasa, maana nimechoka kusifiwa.

Nilistaafu kazi ya ukarani mwaka wa tisini na tatu, nikiwa na tumbo kubwa, presha na sukari. Daktari aliniangalia akasema, "Mzee, ukiendelea kukaa hivi, tutakuzika umekaa." Maneno hayo yaliniuma. Nikaenda stoo nikatoa baiskeli yangu kubwa nyeusi, ile tunayoita blak mamba, niliyokuja nayo kutoka Bungoma nikiwa kijana. Wiki ya kwanza niliisukuma zaidi ya kuiendesha. Watoto wa jirani walinizomea, ati babu anakimbizwa na nani? Baada ya mwaka mmoja tumbo lilikuwa limekwisha, na suruali zangu zote zilipelekwa kwa fundi kupunguzwa kiuno.

Mwenzangu barabarani alikuwa mzee wa Kimaasai, boma lake likiwa mbali, ng'ambo ya ploti zetu kuelekea mbugani. Nilimfundisha mimi mwenyewe kuendesha, naye ameshapita sitini. Goti lake moja lilikuwa limekataa kutembea nyuma ya ng'ombe, lakini kwenye pedali goti hilo hilo lilizunguka bila kulalamika. Siku ya kwanza alianguka kwenye miiba mara tatu. "Hii kitu iko na kiburi kuliko punda," akaniambia huku akijitoa miiba makalioni, akapanda tena. Tangu hapo tulikutana kila asubuhi kwenye njia panda. Mimi namsalimia kwa Kimaasai, "Sopa," yeye anajibu "Ipa," halafu tunashindana kama watoto wajinga. Miaka hiyo nilikuwa na furaha, sidanganyi.

Mwanzo wa mwaka wa tisini na saba mama mkwe wangu akaletwa kutoka nyumbani, pumu imemzidi, ili awe karibu na hospitali. Sasa, mtu asiye wa kwetu anielewe hapa. Kwetu mama mkwe haguswi. Humpi mkono, hukai naye chumba kimoja, huli mbele yake, na hamlali chini ya paa moja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mwingine apite. Si chuki, ni heshima, na mimi nililelewa nayo mpaka ikaingia kwenye mifupa. Kwa hivyo nyumbani kwangu hakuweza kulala, ingawa vyumba vilikuwepo. Nilimkodishia chumba kwenye ploti moja huko ndani, kilomita tatu kutoka lami, pahali pasipo na moshi wa magari. Mke wangu alimpelekea chakula kila jioni akitoka kufundisha.

Kuna namna ya kulegeza mwiko huo. Wazee wanakaa, mbuzi anatolewa, blanketi linatolewa, maneno yanasemwa, na baada ya hapo mkwe anaweza kumsalimia mama mkwe kwa mkono, hata kumbeba akiugua. Mke wangu alinikumbusha kila Desemba tukienda nyumbani. Nami kila Desemba nilisema mwaka ujao. Mbuzi alikuwepo, wazee walikuwepo. Ulikuwa uvivu tu, na kudhani kwamba mambo kama hayo hayana haraka.

Kila asubuhi nikipita na baiskeli nilisimama nje ya ua wa ile ploti nikaita, "Mama, umeamkaje?" Mlango wake umefungwa, naye ananijibu kutoka ndani, "Nimeamka, baba. Wewe bado unashindana na upepo?" Alikuwa na utani, mama yule! Siku moja alimtuma jirani yake wa chumba cha pili, msichana mja mzito, aje aniambie kwamba mtu wa umri wangu akivaa kaptura watoto wa mtaa watakosa adabu. Nilicheka mpaka nikashikilia ua. Tuliongea hivyo kwa miezi mingi, mimi nje, yeye nyuma ya mlango, nami nilimpenda kama mama aliyenizaa.

Halafu ikaja mvua ya El Nino. Aliyekuwepo anajua. Udongo mweusi wa Kitengela ukilowa unashika kiatu, unashika gurudumu, unashika hata ng'ombe. Simu zilikatika. Kutoka lami kuingia ndani hakuna gari lililopita kwa wiki nzima, na wapangaji wengi wa ile ploti walihamia kwa jamaa zao mjini. Sisi wazee wawili tulitoa madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, kwenye baiskeli ili matope yasijazane, tukafunga kijiti cha kukwangulia kwenye fremu, tukaendelea kupita pembeni penye mawe na nyasi. Watu walitushangaa. Nami nilijiona mtu, ati mvua yote hii na mzee bado anapita!

Mke wangu alikuwa ameenda Kajiado kwa semina ya walimu ya siku mbili. Mto ukafurika, barabara ikakatika, akakwama huko. Alipokuwa akiondoka alinishika mkono. "Nakuachia mama," akasema. "Sina mwingine hapa wa kumwachia."

Asubuhi ya siku ya tano nilifika uani nikaita, "Mama, umeamkaje?" Kimya. Yule msichana akatoka, mkono kwenye tumbo, macho yamemtoka. "Mzee, hawezi kupumua! Tangu alfajiri. Dawa ya kupuliza ameipuliza mpaka imeisha." Nikasogea karibu na mlango, karibu kuliko siku zote, nikamsikia. Kila pumzi ilikuwa inapiga mluzi, na kati ya mluzi na mluzi kulikuwa na nafasi ndefu mno.

Kilomita tatu. Kwenye lami magari yalikuwa yanapita, na hospitali ilikuwa hapo hapo mjini. Keria ya baiskeli yangu ilishabeba gunia zima la mahindi, na mama yule hakuwa na uzito wa gunia. Angekaa nyuma, anishike kiuno, na kwa ile njia ya mawe ningemfikisha lami kwa nusu saa. Nilijua hayo yote nikiwa nimesimama pale. Mtu asije akasema sikujua.

"Mama," nikasema kwa mlango. "Niko na baiskeli. Kubali nikubebe."

Mluzi. Halafu akajibu kwa vipande, "Baba... usinitie... aibu."

"Nitasukuma tu, mama. Wewe utakaa nyuma, sitakugusa."

"Nitaanguka... utanishika."

"Jifunike uso, mama! Sitakuangalia!"

"Hapana. Tafuta... mtu."

Mtu gani, jamani? Kwenye matope yale, nani wa huko lami angekubali kuingia kilomita tatu kumbeba mgeni? Msichana akanifokea, mtoto wa watu asiyewahi kunipandishia sauti. "Mzee, ingia umbebe! Anakufa!" Kwao hawana mwiko kama huu, na alikuwa ananiona mwendawazimu. Nilishika komeo la mlango. Nilikuwa nimelishika kabisa, naona kutu yake mpaka leo. Na hapa nitasema lile ambalo sijawahi kulisema hata kwa mchungaji: mama alipokataa, moyo wangu ulishukuru. Niliogopa kumgusa kuliko nilivyoogopa afe. Mtu mzima, miaka hamsini na tisa, nimesoma, nimekaa ofisini miaka thelathini! Nikaliachia lile komeo.

"Namwendea mzee mwenzangu," nikamwambia msichana. "Yeye si mkwe wake, atambeba."

Boma la mzee lilikuwa kilomita saba, upande wa mbugani. Niliipa lami mgongo, nikaipa hospitali mgongo, nikaendesha.

Niliendesha vile sijawahi kuendesha maishani. Penye mawe nilisimama juu ya pedali. Penye udongo mweusi nilitia baiskeli begani nikakimbia nayo, matope yakinifika magotini. Cheni ilitoka mara mbili, nikairudisha kwa vidole. Nilikuwa naomba Mungu na kutukana kwa pumzi ile ile. Karibu na bwawa la kunyweshea ng'ombe, katikati ya safari, nilisimama. Nikajiambia, rudi. Rudi sasa hivi uvunje mlango umbebe, aibu ni ya siku moja. Halafu nikajiambia nimeshafika nusu, nikirudi nitakuwa nimepoteza yote. Upumbavu wa karani! Nikapanda tena. Na miguu haikunishinda. Hilo ndilo linaloniua nikisikia watu wakiisifu, kwamba siku hiyo miguu ilifanya kazi yake yote.

Nilimkuta mzee akitoa ndama kwenye maji. Hakunisalimia, aliniangalia uso tu akaenda kuchukua baiskeli yake. Tulipokuwa tumeshaanza kurudi akaniuliza, "Kwa nini hukubeba wewe?"

"Ni mama mkwe wangu."

Akaitikia kwa kichwa. Hata wao wana heshima zao, naye alinielewa. Nilitamani asingenielewa. Nilitamani anitukane.

Tulifika ploti zikiwa zimepita saa mbili nzima tangu niondoke. Ule mluzi ulikuwa umepungua, na kwa sekunde moja nilifurahi, mjinga mimi, nikidhani amepata nafuu. Mzee aliingia ndani na msichana. Mimi niligeukia ukuta. Nilisikia akisema, "Pole, mama, pole, kuja sasa," kwa Kiswahili chake cha mbugani, taratibu kabisa. Akamtoa, akamweka kwenye keria, akavua shuka yake akamfunga nayo mgongoni mwake asianguke. Halafu akapanda na goti lake bovu, akaendesha.

Nilifuata nyuma, macho nimeyaweka kwenye gurudumu lake. Nilichoruhusu macho yangu kuona ni miguu tu, imevaa sapatu za plastiki, inaning'inia upande mmoja. Nilimwita njia nzima. "Mama, tumekaribia. Mama, lami ile pale. Mama, jikaze." Mwanzoni alikuwa akiitikia kwa kutikisa mguu, au nilijidanganya. Sapatu moja ikadondoka. Nilishuka nikaiokota, maana kiatu hakikukatazwa.

Tulikuwa tunaiona lami, matatu inapita imewasha taa, mzee aliposimama. "Mzee," akaniita bila kugeuka. "Huyu mama amelegea."

Sitaki kueleza zaidi. Gari lilisimama, tukafika hospitali, wakamweka kitandani, wakamfunika. Muuguzi alimuuliza mzee kama yeye ndiye mwanawe, na mzee akasema ndiyo. Mimi nilikuwa nje barazani na sapatu mkononi, matope yamenikaukia mpaka kwenye nyusi. Nilipiga ukuta kwa kichwa mpaka askari wa mlangoni akaja kunishika.

Mke wangu alifika siku ya tatu baada ya kifo, amevuka mto kwa kamba na watu wengine. Alikuwa ameshaambiwa njiani. Hakulia mbele yangu. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, viatu vimejaa tope, akaniuliza ilikuwaje, nami nikamweleza yote isipokuwa lile la komeo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kutoka pale kwa mama mpaka lami ni kilomita ngapi?" akauliza.

"Tatu."

"Na mpaka boma la mzee?"

Jibu alikuwa analijua. Aliinua kikombe cha chai nilichomwekea, akakirudisha mezani bila kunywa. "Mimi ni wa kwetu kama wewe," akasema. "Najua mila. Lakini nilikuachia mama." Hajawahi kulitaja tena tangu siku hiyo, na laiti angelitaja! Miaka yote hii ningependa kufokewa hata mara moja.

Tulimzika kwao, mvua ikiwa imetulia kidogo. Watu walijaa. Habari za matope na baiskeli zilikuwa zimetutangulia, na kila mtu alitaka kumwona mkwe aliyeendesha kilomita kumi na nne kumtafutia mama mkwe mtu wa kumbeba. Watu walipopanga foleni kumuaga, mimi nilikaa mbali chini ya turubai, kama ipasavyo. Kwa hivyo hata siku hiyo sikumwona. Mama niliyemsalimia kila asubuhi, nikiulizwa leo uso wake ulikuwaje, siwezi kusema.

Kabla ya jeneza kushushwa, mzee mmoja wa ukoo wao alisimama na fimbo yake. Akaniita kwa kidole nije mbele, akaniweka ubavuni pake, akawaita vijana wote wasogee. "Mtazameni huyu," akasema. "Nyinyi mnaooa siku hizi na kukumbatia mama wakwe zenu mjini, mtazameni. Kifo kilikuwa mlangoni na bado hakumgusa. Huyu ndiye mkwe!"

Watu wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele vya heshima, vifupi, vya matangani. Katikati yao mke wangu akainuka, akajifunga leso yake vizuri, akaondoka kuelekea nyuma ya nyumba bila kuniangalia. Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Nikavua kofia, nikawashukuru.