Redio ya Baba Haiongei na Mtu Mwenye Haraka

Leo nimeaibishwa na redio. Chekeni tu.

Ni ile ya mbao ya marehemu baba. Ilinyamaza miaka ya tisini, valvu moja ilipoungua. Valvu ni zile taa ndogo za kioo za ndani. Tulitafuta nyingine tukachoka.

Juzi fundi mmoja wa Suna akaniambia anayo! Leo asubuhi nimeichukua, mbio hadi Sindo kwa Mama. Nikaingia, nikafungua redio, nikapachika valvu, nikawasha.

Kimya.

Nikaanza kumtukana fundi. Nikashika bisibisi nifungue tena.

Mama amekaa tu, ananiangalia.

"Wee, kaa chini. Baba yako akiwasha hiyo kitu, alikuwa anasalimia watu wote wa nyumba kwanza. Akimaliza, hizo taa zimeshika moto, inaongea."

Kweli kabisa. Nilikuwa nimesahau.

Halafu nikagundua kitu kingine: tangu niingie, hata yeye sijamsalimia.

Nikaweka bisibisi chini, nikampa mkono. "Habari ya siku nyingi, Mama?"

"Nzuri, nyathina, mwanangu. Watoto wako wazima?"

Kabla sijajibu, redio ikakohoa, mtu akaanza kusoma habari.

Mama akaitazama redio, hakuniachilia mkono. "Haya. Sasa mmefika wote wawili."